Funda la Baba

Harufu ya miwa ikikamuliwa hunifukuza. Pale Voi, ukitoka sokoni kuelekea barabara kuu, siku hizi kuna kijana mwenye mashine ya kukamua miwa. Anasukuma ndani mua mmoja baada ya mwingine, mashine inalia, na maji ya rangi ya majani makavu yanachuruzika kwenye jagi la plastiki yakiwa na povu juu. Kwa joto letu lile, wateja hawamwishi. Mimi huvuka barabara. Wenzangu kazini hudhani naogopa nzi, na nimewaacha wadhani hivyo, kwa sababu nikianza kueleza itabidi nianzie kidato cha tatu, na habari za kidato cha tatu sijawahi kumsimulia mtu nikafika mwisho. Leo nitajaribu na ninyi.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa kilima cha Sagalla, shule ya wavulana na wasichana. Kwenye ratiba kulikuwa na muziki, na uchoraji, na maigizo, lakini mwalimu alikuwa mmoja na chumba kilikuwa kimoja, kwa hivyo yote yakawa somo moja tuliloliita Sanaa. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika. Kilinuka rangi, vumbi na jasho la watu waliokuwa wametoka kucheza ngoma. Kulikuwa na kinanda ambacho nusu ya vibonye vyake vilikuwa vimekufa, tukajifunza kutunga nyimbo zinazopita kando ya marehemu. Asubuhi unachanganya rangi, saa sita unaimba, jioni wewe ni mfalme mwenye taji la katoni.

Nililipenda somo lile kupita kiasi, na nililionea haya vilevile. Wenzetu wa fizikia walituita wasee wa rangi, yaani jamaa wa rangi. Kukiwa na viti vya kubebwa, mwalimu wa zamu alituma ujumbe Sanaa, kwa kuwa ilijulikana kwamba sisi hatuna kazi. Na nyumbani kulikuwa na Baba.

Baba alikuwa karani katika ofisi ya maji, katika mji ambao mifereji yake hukohoa hewa siku nyingi kuliko inavyotoa maji. Alikuwa amezoea kulaumiwa njiani na watu wenye mitungi mitupu, na hakuna lawama iliyomtikisa. Sanaa ndiyo iliyomtikisa. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti moja ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini, na Jumapili moja nilimsikia kwa masikio yangu akiulizwa binti yake anasoma nini. Alikohoa kidogo. "Masomo ya kawaida," alisema, kisha akageuza mazungumzo yakawa ya mvua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiwa nimemshikia Biblia, na rangi ya bluu ilikuwa bado imenikaa chini ya kucha.

Sasa lazima niwaeleze habari za Nyanya, mama yake Baba, maana bila yeye hamtaelewa.

Nyanya aliishi Mghange, huko juu milimani, ambako asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni na mtu huvaa sweta Januari. Kwetu huko, tangu zamani, watu wawili wakiwa na hasira hawakukimbilia kwa chifu kwanza. Waliketishwa pamoja, kikaletwa kibuyu cha denge, yaani pombe ya miwa. Mwenye hasira anapiga funda lakini halimezi. Analipuliza nje kwa midomo iliyobanwa, linatoka kama manyunyu, kisha anasema wazi kilichokuwa kimemkaa moyoni na kwamba sasa kimetoka. Halafu anampa mwenzake kibuyu, naye anafanya vivyo hivyo. Hiyo ndiyo kutasa. Jambo moja tu halifanywi, nalo ni kumeza. Ukimeza, umeirudisha ndani.

Babu alipokufa nilikuwa bado shule ya msingi. Nyanya alitoka nyumbani na kibuyu chake akaenda nacho mpaka kaburini. Yeye na Babu walikuwa wamekosana juma lile la mwisho, sijui kwa jambo gani, na hakutaka udongo umfunike mumewe kabla hawajamalizana. Baba alimkamata mkono mbele ya waombolezaji wote. Alikipokonya kibuyu, akamwaga denge kwenye nyasi, akasema hakuna ushetani utakaofanywa kwenye maziko ya baba yake. Nyanya hakupiga kelele. Alirudi nyumbani akapakua chakula.

Lakini tangu siku hiyo Baba akipanda Mghange alipokewa kama mgeni. Alipewa kiti kizuri, alimiminiwa chai iliyokolea maziwa, alishukuriwa kwa sukari aliyoleta. Nyanya hakumgombeza tena, hakumuuliza kwa nini amekonda, hakumwambia hata nywele zake zimekuwa ndefu. Mimi alinigombeza kutwa nzima, na nilimwona Baba akisikiliza kwa wivu.

Haya. Mwalimu wa Sanaa aliitwa Ndunda, Mkamba wa Mtito Andei, mtu mrefu aliyetembea kana kwamba kila mlango ulikuwa na pazia. Muhula wa pili alitupa kazi ya vikundi: kila kikundi kitunge igizo, kichore mandhari yake, kitunge na wimbo wake, na yote yaonyeshwe siku ya wazazi mbele ya mtahini kutoka nje. "Na sitaki majambazi," alisema. "Sitaki bosi na sekretari wake. Nimechoka na bosi na sekretari! Nileteeni kitu cha kwenu."

Kitu cha kwetu tulikijua, ila nani angependa kukisema mbele ya watu? Sijui ni nini kilichoniinua mkono. Nikasimulia kutasa. Mwalimu Ndunda aliweka chaki chini polepole, akaniangalia kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Wakesho," alisema, "hiyo! Hiyo ndiyo!" Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniangalia hivyo kwa sababu ya jambo lililotoka mdomoni mwangu.

Tulitunga igizo la mama na mwanawe waliokosana juu ya mpaka wa shamba. Mimi nilikuwa mama. Mwadime, kijana mpole mwenye sauti nzito kumzidi mwili, alikuwa mwana. Kwa mandhari tulishona magunia pamoja tukapaka rangi za maji, milima yetu yote ikasimama pale, kijani juu ya kijani. Kupuliza nilijifunza bafuni. Mazoezini, mwanzoni, lilitoka pande zima la maji likamwangukia Mwadime usoni. "Wakesho, bana, nimeshaoga leo!" alilalamika, na tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kibuyu cha plastiki hakipo duniani, kwa hivyo likizo nilipanda Mghange. Nilimkuta Nyanya mlangoni akichambua maharagwe.

"Kibuyu cha nini?" aliuliza.

"Cha mchezo, Nyanya. Mchezo wa shule."

"Unamtasia nani?"

"Hakuna mtu. Tunaigiza tu."

Aliacha maharagwe. "Mdomo wako utasema, na hakuna mtu?"

"Ni mtihani, Nyanya. Tunapewa alama."

Alikung'uta maganda mapajani, akaingia ndani, akatoka nacho, kile kile cha siku ya maziko. Alikipangusa kwa leso. "Hata kama mnacheza," alisema, "usimeze." Kisha akauliza kama baba yangu atakuwepo. Nikamwambia wazazi wote wamealikwa. Akauliza ni siku gani. Nikamtajia, nikidhani ni mazungumzo ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu.

Siku yenyewe bwalo lilinuka kabichi, kama kawaida. Meza zilisukumwa ukutani, majukwaa ya mbao yakaunganishwa upande wa jikoni, na mtahini akaketi mbele na miwani yake. Baba alikuja na suti ya kijivu, akakaa mwisho wa benchi karibu na mlango. Nilikuwa nimemwambia nitaimba. Ilikuwa kweli; wimbo ulikuwa mwisho wa igizo. Mama yangu alikuwa na zamu hospitali.

Tulipokuwa tunapanga magunia yetu, nilichungulia nikamwona Nyanya. Alikuwa anashuka kwenye bodaboda nje ya bwalo, amevaa sweta la Mghange katika jua la Voi, leso mbili, na viatu vya mpira. Alimlipa kijana, akamkemea kwa mwendo wake, akaingia, akakaa nyuma kabisa. Nilikuwa na umri ule ambao mtu angependa awe ameokotwa, asiwe na jamaa. Nikaomba Mungu asinipungie mkono.

Igizo likaanza vizuri. Tukagombana, Mwadime na mimi, watu wakacheka pale tulipotaka wacheke. Ikafika sehemu ya kibuyu, ambacho tulikuwa tumekitia maji ya miwa mabichi, kwa kuwa mwalimu mkuu asingekubali denge. Nilipiga funda nikapuliza. Nilimwona Baba akinyanyua kichwa. Alikitambua kibuyu kabla hajanitambua mimi, nadhani. Uso wake ulikauka. Lakini nilikuwa nimeshafika kwenye maneno yangu, nikayasema kwa sauti ya kizee niliyoifanyia mazoezi: "Aliye na neno moyoni, aje aliseme!"

Hapo Mwadime alipaswa kuinuka. Kabla hajainuka, sauti ikatoka nyuma.

"Mimi ninalo," alisema Nyanya.

Alikuja katikati ya mabenchi bila haraka. Watu waligeuka wakafurahi mno. "Wameleta mpaka shosho mwenyewe!" mvulana mmoja alipiga kelele, bwalo likaangua kicheko na makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mwadime, mtoto aliyelelewa vizuri, alimpa mkono akampandisha jukwaani. Nyanya akachukua kibuyu mikononi mwangu, nami nikakiachia.

Mimi nilikuwa nimepuliza matone. Yeye alipuliza ukungu. Uliangukia magunia, na milima yangu ikaanza kutiririka, kijani ikiingia kwenye kahawia. Alisema kwanza kwa Kidawida, lugha yetu ya milimani, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili asiwepo wa kusema hakusikia.

"Mimi niko na hasira na mwanangu. Nimekaa nayo tangu tuzike mume wangu. Nimempikia nayo. Nimemmiminia chai nayo. Nimechoka kuibeba. Leo natoa. Imetoka." Akapuliza tena. Kisha akanyoosha kibuyu kuelekea mlangoni. "Mwakio. Njoo, baba."

Bwalo lote likageuka kutafuta huyo Mwakio ni mwigizaji gani.

Ndugu zangu, aibu nimeijua baadaye kwa namna nyingi, lakini hakuna iliyonifika kama ile. Nyumba yetu yote, kaburi la Babu, chai ya ugeni, vyote vilikuwa vimewekwa kwenye mbao mbele ya watoto ambao Jumatatu ningekula nao ugali. "Nyanya, tafadhali," nilinong'ona. Hakunisikia. Nikamtazama Baba, nikatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Baba alikuja. Alifunga kifungo cha koti, akatembea, watu wakimpigia makofi njia nzima. Alipanda. Alikipokea kibuyu, akapiga funda, mashavu yakajaa. Akasimama pale akitutazama, Nyanya na mimi, nami nikatikisa kichwa tena. Kicheko kilikatika. Mtahini alikuwa ameinama mbele kalamu ikiwa hewani.

Kisha koo la Baba likapanda, likashuka.

Alimrudishia Nyanya kibuyu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kikombe, akashuka, akatokea mlango wa jikoni. Makofi yaliyolipuka sijawahi kuyasikia tena pale shuleni. Nyanya alikitazama kibuyu, akapangusa mdomo wake kwa leso.

"Amemeza," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekuambia mvua imepita. Akashuka, Mwadime akimshika mkono. Nami nikaimba wimbo wangu, kwa sababu uliandikwa kwenye programu na hakuna aliyenizuia.

Tulipata alama za juu kuliko kikundi chochote. Mtahini alimwambia Mwalimu Ndunda kwamba yule bwana aliyemeza alikuwa na ishara nzito sana, na kwamba ni nadra kuona wazazi wakishirikishwa kwa ufundi namna ile. Mwalimu alinikumbatia. Hakuelewa kwa nini nililia, akadhani ni furaha. Kwa wenzangu niligeuka kichekesho: nikipita, mtu alijaza mashavu, akameza kwa kishindo, kundi zima likaanguka. Niliomba kuanzia hapo niwe napaka mandhari tu. Jukwaani sikupanda tena, wala sikupanda Mghange likizo ya Desemba. Nilisema nina masomo mengi.

Niliwakasirikia wote wawili. Nyanya kwa kutuanika. Baba zaidi, kwa sababu alikuja mpaka pale, mbele ya kila mtu, akachagua kubaki na hasira yake. Nyanya alifariki kabla sijamaliza kidato cha nne. Kwenye maziko hakuna aliyeleta kibuyu, na Baba aliomba sala ndefu iliyopangika vizuri.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu amechaguliwa kusoma sanaa huko sekondari, muziki na maigizo na uchoraji pamoja, kwa mpango huu mpya wa masomo, na dada alikuja kwa Baba akilia kwamba mtoto atapotea. Baba amestaafu, nywele zote nyeupe. "Mwacheni asome," alisema. "Ni kitu kizuri." Nilikuwa namkatia papai. Kisu kilisimama. Dada alipoondoka, nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kuuliza: siku ile, Baba, kwa nini ulimeza?

Hakuuliza siku gani.

"Nilikuwa tayari," alisema. "Kutoka kwenye benchi mpaka pale juu nilishapanga maneno. Nimwambie Mama, siku ile ya kaburi nilikosa. Nilikuwa nimeshapiga funda." Alinigeukia. "Halafu nikakuona. Ulitikisa kichwa."

Niliweka kisu chini.

"Nikajua nikifungua mdomo nitalia, Wakesho. Mbele ya wenzako wote. Nikafikiri, huyu mtoto nimemwonea haya kila nilipoulizwa anasoma nini, na anajua. Leo nisimwongezee. Nikasema nitapanda Mghange Jumamosi, nimwambie mwenyewe, nyumbani kwake."

"Ulipanda?"

"Jumamosi hiyo maji yalikatika mji mzima." Alichukua kipande cha papai, akakirudisha kwenye sahani. "Halafu kila Jumamosi ikawa na yake."

Tulikaa hapo mpaka jua likahama ukutani. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewakasirikia watu wawili kwa kuharibu mchezo wangu. Sikuwahi kuelewa kwamba Nyanya alijua vizuri sana kuwa ni mchezo. Alishuka mlima mzima kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo mwanawe angekaa kimya amsikilize. Na Baba hakumeza hasira. Hakuwa na hasira yoyote. Alimeza ombi la msamaha, nalo lilikuwa limeshafika mdomoni.

Kwenye mbao zile, aliyekuwa anaigiza nilikuwa mimi peke yangu. Nyanya alikuwa amenyoosha mikono anangoja, na mwanawe alikuwa na neno lake mdomoni, na mimi, nikiwa na miaka kumi na saba na naogopa kuchekwa Jumatatu, nilimtikisia kichwa.